Mchango wa Kuilinda Nyumba Usiibomoe Nyumba

*Somo la mwezi kwa Umoja wa Mama, kwa akina baba na kwa vijana*

Someni kwanza: Marko 7:9–13, Marko 12:38–44, 2 Wakorintho 8:16–21, Wagalatia 6:2–5.

Shabaha ya somo: Kujifunza namna ya kuchanga, kukusanya na kutumia fedha za vyama vinavyotetea ndoa na malezi, ili fedha hizo zisije zikapingana na jambo lenyewe tunalolitetea.



Pita asubuhi katika Mtaa wa Kongo au pembeni mwa soko la Kariakoo, umwangalie mchukuzi kabla hajainua gunia. Hainui tu. Kwanza huuliza: Mzigo wa nani? Unakwenda wapi? Nani ataupokea? Akishajibiwa, ndipo huinama, akajitwisha. Mchukuzi asiyeuliza huweza kujikuta amefika Gerezani na mzigo ambao hana wa kumkabidhi, tena hana wa kumlipa.

Hata jina la Kariakoo lenyewe ni jina la mizigo. Limetoka katika Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kambi yake ilikuwa mahali hapo. Waafrika wengi walichukuliwa kubeba vyakula na risasi za vita ambayo hawakuianzisha, na wengi hawakurudi makwao. Hakuna aliyewaeleza kwa ukamilifu mzigo ule ulikuwa wa nani na kwa faida ya nani.

Siku hizi sisi waumini wa katikati ya mji tunaletewa mizigo ya namna nyingine, nayo ni kadi za michango. Leo ni harusi, kesho ni paa la kanisa, keshokutwa ni chama cha kutetea familia. Chama hicho huenda ni cha hapa mjini, au ni cha Afrika Mashariki nzima. Kinataka kufundisha wazazi, kupinga talaka, kuzuia sheria fulani isipite au kuisukuma nyingine ipite. Wanaokileta ni watu wetu, nasi tunaipenda ndoa na tunawapenda watoto, basi mkono huingia mfukoni upesi.

Somo hili halikusudii kuufunga mkono huo. Linakusudia kuufundisha ukae kidogo, uulize maswali matatu ya mchukuzi.

1. Kazi hii ilianzaje

Kati ya vyama vya namna hii, tulicho nacho karibu kuliko vyote ni Umoja wa Mama, ambao kwa Waingereza huitwa Mothers' Union. Aliyeuanzisha ni Mary Sumner, mke wa kasisi wa kijiji cha Old Alresford, katika wilaya ya Hampshire, Uingereza, mwaka 1876. Alikuwa bibi aliyeona jinsi kazi ya kulea ilivyo nzito, na jinsi akina mama wanavyoingia katika kazi hiyo bila msaada. Aliwaita nyumbani kwake akina mama wa kijiji, matajiri na maskini pamoja. Siku ya kwanza woga ulimshika, akashindwa kunena, akawaomba warudi siku nyingine. Waliporudi alinena.

Angalieni mwanzo huo. Haukuwa na sanduku la fedha, wala mgeni rasmi, wala jengo. Ulikuwa na sebule na mama mmoja mwenye aibu. Leo umoja huo una wanachama zaidi ya milioni 4 katika nchi zaidi ya 80, na walio wengi wako Afrika.

Lakini tusiseme mema peke yake. Umoja huo ulipokua ulianza pia kusema mbele ya serikali. Tume ya Kifalme ya mambo ya talaka ilipokaa Uingereza, kuanzia mwaka 1909 hadi ilipotoa taarifa yake mwaka 1912, Umoja wa Mama ulisimama imara kupinga talaka isirahisishwe. Ulikuwa unailinda ndoa, na katika kuilinda uliweka uzio: mwanamke aliyeachika hakuweza kuwa mwanachama, hata kama ni yeye aliyetelekezwa bila kosa lake. Uzio huo ulidumu mpaka miaka ya 1970, Katiba ya Umoja ilipobadilishwa.

Tufikiri juu ya mama huyo. Aliachwa na mume, kisha akaachwa na chama cha kutetea akina mama. Chama kinachotetea nyumba kisipojihadhari huwatetea wale ambao nyumba zao bado zimesimama, na kuwasahau wale ambao zimewaangukia. Liwekeni moyoni neno hili, tutalirudia tukifika mahali pa kutumia fedha.

2. Mzigo wa nani? Neno la Korbani

Katika Marko 7 Bwana wetu anazungumza na watu wa dini walioheshimika. Walikuwa na desturi hii: mtu akiisha kutamka kwamba mali yake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, hakudaiwa tena kuitumia kuwatunza baba na mama yake. Nje ilionekana sadaka kubwa. Ndani wazee walilala na njaa. Bwana aliwaambia waziwazi kwamba kwa desturi hiyo wameitangua amri ya Mungu mwenyewe.

Ndugu zangu, sijui maandiko mengine yanayofaa zaidi somo hili. Amri ile ya kuwaheshimu baba na mama ndiyo amri ya familia. Nao waliivunja kwa jina la sadaka! Basi inawezekana mtu akaivunja familia yake kwa jina la kutetea familia.

Nilipata kusikia habari za mama mmoja muuza nyanya, wa wale wanaopanga mafungu mezani tangu alfajiri. Kadi ya chama ilimfikia, akaona haya kuirudisha tupu, kwa maana majina yangesomwa mbele ya watu. Akaandika ahadi. Siku ya kulipa ilipofika, alitoa fedha alizokuwa amewekewa na mumewe kwa ajili ya sare na madaftari ya mtoto, naye hakumwambia. Shule ilipofunguliwa mambo yakajulikana. Wiki tatu watu wale hawakusemezana chini ya paa moja, na mtoto alikwenda shule na sare iliyombana. Kumbe mchango wenyewe ulikuwa wa semina juu ya mapatano katika ndoa.

Nani mwenye kosa? Mama alikosea kuficha. Lakini waliompa kadi, wakampangia kiwango, wakatishia kusoma majina, hao nao wana sehemu yao. Mtume katika 1 Timotheo 5:8 anatumia maneno makali sana kwa mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake. Hakuna chama kinachoweza kumwondolea mtu wajibu huo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: fedha ya kutetea familia itoke katika nyumba kwa kujulikana na nyumba. Mume na mke wapatane kwanza. Kinachotolewa kwa siri dhidi ya mwenzako si sadaka, hata kikiwa kikubwa.

3. Yule mjane na wale waliomtazama

Mara nyingi michango inapokusanywa tunasomewa habari za mjane aliyetia senti mbili. Tunaambiwa: tazameni, alitoa vyote! Nasi tunaona haya, tunatoa. Lakini someni kuanzia mstari wa 38, msianze na wa 41. Mara tu kabla ya habari za mjane, Bwana amewaonya watu juu ya wakuu wa dini wanaopenda viti vya mbele na salamu za sokoni, huku wakiwanyang'anya wajane mali zao. Kisha mjane mwenyewe anatokea. Bwana anamsifu mjane kwa moyo wake. Hawasifu wale walioliweka sanduku pale, wakaridhika kuona limejaa.

Basi anayekusanya fedha asitumie mfano wa mjane kama fimbo ya kuwachapia wajane.

Tunazo desturi zetu nzuri za kuchangia. Mnada wa baada ya ibada, kwa mfano, ambapo kuku mmoja hununuliwa, hurudishwa mezani, hununuliwa tena mara tano, na watu hucheka na kufurahi. Huo ni mchango wa furaha, na mwenye kidogo hununua fungu la mchicha akaondoka na heshima yake. Desturi nyingine si nzuri sana. Mgeni rasmi hualikwa, hutangaza ahadi kubwa mbele ya vipaza sauti, hupigiwa vigelegele, kisha mtunza hazina humwandikia barua mwaka mzima. Wenzetu wa Kenya waliona hatari ya harambee kugeuka jukwaa la wakubwa, hata sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikaweka mipaka kwa watumishi hao katika kuchangisha. Afadhali mia tano mia tano za watu mia, zinazotolewa kila mwezi, kuliko ahadi moja ya kupigiwa makofi. Watu mia wakichanga, ni watu mia wenye haki ya kuuliza.

4. Nani analipa, na nani anasema?

Mwezi wa Mei 2025 ulifanyika mjini Nairobi Mkutano wa Afrika Nzima juu ya Maadili ya Familia, ulioandaliwa na chama cha Wakristo wenye taaluma mbalimbali kiitwacho Africa Christian Professionals Forum. Miongoni mwa wazungumzaji waliotangazwa walikuwamo watu wa mashirika ya Marekani na Ulaya. Matangazo yalipotoka, Wakenya kadhaa walilalamika na kuuliza: Ikiwa ni maadili ya familia ya Kiafrika, mbona mbele wamekaa wageni wengi namna hii?

Hatusemi kwamba mgeni hana neno jema. Mary Sumner mwenyewe alikuwa mgeni kwetu, na kazi yake tumeipokea. Wala hatusemi kwamba upande mmoja tu ndio upokeao fedha za nje, kwa kuwa vyama vingi vyenye mawazo ya kinyume navyo vinasaidiwa kutoka ng'ambo. Twasema tu kwamba swali lile ni halali, na linafaa liulizwe pande zote. Anayelipa mkutano huwa na sauti katika kupanga yatakayosemwa humo. Kama ajenda imeandikwa mbali, kwa ugomvi wa huko mbali, sisi twaweza kuwa wapagazi tena, tukibeba risasi za vita ambayo hatukuianzisha.

Njia ya kulijua jambo hili ni rahisi. Mtazame anayezungumza habari za familia za Kariakoo na Ilala, kisha usikilize anataja nini. Je, anataja kodi ya chumba ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo? Baba asiyerudi nyumbani kwa sababu ya ulevi? Duka lililoteketea usiku ule wa Julai 2021 soko kuu lilipoungua, na nyumba zilizokuwa zikila kutokana na duka hilo? Familia zilizofiwa ghorofa lilipoporomoka Kariakoo mwezi wa Novemba 2024? Kama hataji hata moja, yamkini mzigo aliouleta ni wa mtu mwingine.

5. Nani ataupokea? Mikono miwili na macho mengi

Mtume Paulo alikusanya mchango mkubwa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza jinsi alivyoupeleka. Hakuuchukua peke yake. Alimtuma Tito, pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na mwingine tena aliyejaribiwa mara nyingi. Sababu yake aliitoa wazi: hakutaka mtu yeyote apate neno la kumlaumu katika fedha hiyo, akajali kuonekana mwema mbele za Mungu na mbele za watu pia. Kama Mtume hakuona haya kuangaliwa, mwenyekiti wetu aone haya kwa nini?

Mambo haya yafuatwe:

(a) Fedha ihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, siku ile ile, kabla ya kuondoka.

(b) Kila atoaye apewe stakabadhi, hata akitoa shilingi mia tano.

(c) Fedha iwekwe benki kwa jina la kikundi, na kutolewa kwa sahihi zaidi ya moja. Isikae katika simu ya mtu mmoja.

(d) Hesabu ibandikwe ubaoni kila baada ya miezi mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

(e) Majina ya waliotoa na viwango vyao yasisomwe mbele ya watu.

(f) Chama cha nje ya Mtaa wetu kikileta kadi, kiombwe kwanza cheti cha kuandikishwa na hesabu za mwaka uliopita. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanaongozwa na Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, nayo yanatakiwa kutoa taarifa ya kazi zao kila mwaka. Kuomba karatasi hizo si kumtukana mtu. Mwenye safi hufurahi kuulizwa.

6. Unakwenda wapi? Nyumba ya kuipelekea fedha

Sasa turudi kwa mama yule aliyeachwa nje ya uzio. Fedha zetu zikikusanywa vizuri, zimfikie nani?

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitanguliwa na mapendekezo ya Serikali ya mwaka 1969, yaliyotolewa ili wananchi wayazungumze. Ndani yake mna mambo ambayo waumini wengi hawayajui. Kwa kawaida shauri la talaka haliwezi kupelekwa mahakamani kabla halijasikilizwa na baraza la usuluhishi wa ndoa. Pia mume au mke hawezi kuiuza wala kuiweka rehani nyumba wanayokaa pasipo ridhaa ya mwenzake. Ni akina mama wangapi wa Mtaa wetu wametolewa vyombo nje bila kulijua hilo?

Tena mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani hapa Dar es Salaam ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani, kupika, kulea, kutunza, zihesabiwe kuwa mchango katika mali ya ndoa. Mahakama ilimtambua mama wa jikoni kuwa mchangiaji. Basi kabla hatujamletea kadi ya mchango, tukumbuke kwamba mama huyo alikwisha kuchanga tangu alfajiri.

Yako pia mambo ya mabinti. Sheria ile ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Chama kikija kuomba fedha za kutetea watoto wa Afrika, kiulizwe kwa upole: Kina neno gani kwa binti wa miaka 15? Jibu lake litatuonyesha mengi.

Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Mshauri wa ndoa ahitaji nauli ya daladala. Mjane aliyepigwa na ndugu wa marehemu ahitaji mtu wa kumsindikiza mahakamani na kumnunulia karatasi. Wachumba wahitaji mafundisho ya wiki sita na chai. Mama aliyekimbia kipigo usiku ahitaji mahali pa kulala, na kitenge cha kujifunika.

7. Mfano mmoja wa hesabu

Tuseme Umoja wa Mama wanataka vitenge vya sare kwa sikukuu ya tarehe 25 Machi, Siku ya Bikira Maria Kupashwa Habari. Badala ya kila mama kununua peke yake kwa rejareja, wanakwenda pamoja Kariakoo na kununua doti 20 kwa bei ya jumla, shilingi 16,000 kila moja. Wanauziana kwa 20,000, bei ile ile ambayo kila mmoja angelipa dukani. Faida ni shilingi 80,000. Hakuna aliyepoteza, hakuna aliyeaibishwa, na kila mama ana kitenge mkononi. Mama asiyeweza kununua mwaka huu aje na kitenge chake cha zamani, asiulizwe neno.

Elfu themanini si fedha ya kukodi ukumbi wa hoteli. Lakini ni fedha ambayo twajua imetoka wapi, imepita mikononi mwa nani, na imekwenda nyumba gani.

8. Neno la mwisho

Katika Wagalatia 6 Mtume anasema mambo mawili yanayoonekana kupingana: kwamba tuchukuliane mizigo, na kwamba kila mmoja atauchukua wake. Mchukuzi wa Kariakoo ayaelewa yote mawili. Mzigo ukiwa mzito kupita kiasi, humwita mwenzake washike pembe mbili. Lakini hamwekei mwenzake gunia kichwani bila kumwambia.

Tuchange, ndugu zangu, maana ndoa nyingi katika mji huu zinayumba, na watoto wengi wanalelewa na barabara. Ila tuuchange mzigo tunaoujua, kwa mikono inayoonekana, tukiupeleka penye nyumba yenye kuuhitaji. Na jioni tukirudi nyumbani, watoto wetu wakute sufuria jikoni haiko tupu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Je, katika nyumba yako mume na mke hupatana kabla ya kuandika ahadi ya mchango? Kama sivyo, ni nini kinachozuia?

2. Someni Marko 7:9–13. Ni michango gani ya siku hizi inayoweza kuwa Korbani kwetu?

3. Mama aliyeachika au anayelea watoto peke yake anajionaje anapokaa katika mikutano yetu? Mwulizeni mwenyewe, msimjibie.

4. Hesabu za kikundi chenu zilibandikwa ubaoni lini mara ya mwisho?

5. Mkipata shilingi 80,000 leo, ni nyumba gani katika Mtaa wetu ingefaa kusaidiwa kwanza, na msaada huo utafikaje bila kumwaibisha mwenyewe?

Mambo ya kuombea

Ombeeni ndoa zinazoyumba, na wale wanaokaa katika mabaraza ya usuluhishi wapate hekima. Ombeeni wajane na yatima. Ombeeni watunza hazina wote, Mungu awalinde na majaribu. Waombeeni wachukuzi na wachuuzi wa Kariakoo, warudi makwao salama kila jioni.